Mizani ya Moyo: Maswali ya Afya ya Akili Hupimwaje Kabla ya Kukupima?

Mazungumzo ya redio kwa akina mama na walezi

Mazungumzo haya ni ya mama, baba, nyanya, shangazi na kila mtu ambaye mikononi mwake kuna mtoto wa kulea. Ikiwa unachambua mboga, endelea tu na kazi yako, lakini tega sikio. Na ikiwa kuna kalamu nyumbani, iweke karibu, kwa sababu mwishoni kuna mambo machache ya kuandika.

Leo tunazungumzia jambo ambalo akina mama wengi wamekutana nalo bila kuelezwa. Umempeleka mtoto kliniki. Amepimwa uzito, amedungwa chanjo, na kitabu chake kimeandikwa. Kabla hujamfunga mgongoni, muuguzi anakuambia, "Mama, kaa kidogo, nina maswali." Anakuuliza kama wiki hii umekuwa na furaha, kama umelia, kama umejilaumu bila sababu, kama umekuwa na hofu. Kando ya kila jibu anaandika nambari. Akimaliza anazijumlisha.

Je, nambari hizo ni za nini? Nani aliyetunga maswali hayo? Na yanawezaje kujua yaliyomo moyoni mwako? Hebu tuyaangalie moja baada ya jingine.

Ugonjwa usioonekana kwa darubini

Ukiwa na malaria, tone la damu yako litaonyesha wadudu. Ukiwa na upungufu wa damu, kipimo kitaonyesha. Lakini kuna ugonjwa ambao hauonekani kwenye damu wala kwenye picha ya eksirei. Ugonjwa huo ni huzuni nzito isiyoondoka, ambayo kwa Kiswahili huitwa sonona. Mama mwenye sonona hupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, hujiona hana maana, hukosa nguvu hata za kumwogesha mtoto, na wakati mwingine hutamani asingekuwepo.

Usifikiri kwamba ugonjwa huu ni wa watu wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, karibu wanawake 16 kati ya kila wajawazito 100 hupatwa na ugonjwa wa akili, hasa sonona. Baada ya kujifungua idadi hiyo hufika karibu 20 kati ya 100. Hii ni kama kusema kwamba kwenye benchi la kliniki lenye akina mama watano, huenda mmoja wao anaumwa, na jirani yake hajui.

Na mama akiumwa hivyo, mtoto pia huguswa. Kunyonyesha huwa kazi nzito, tarehe za kliniki husahaulika, na mtoto hukosa yule mtu wa kumchekea na kumsemesha. Kwa hiyo ni lazima ugonjwa huu utafutwe. Lakini utatafutwaje ikiwa hauna kipimo cha damu? Njia tuliyo nayo ni maswali. Orodha ya maswali kama haya huitwa hojaji, na hojaji ndiyo mizani ya moyo.

Mizani inaweza kuwa mbovu kwa njia mbili

Ifikirie ile mizani ya kliniki ambayo mtoto huning'inizwa. Kabla ya kuanza kazi asubuhi, muuguzi huangalia kama mshale uko kwenye sufuri. Kwa nini? Kwa sababu mizani inaweza kudanganya.

Njia ya kwanza ya kudanganya ni kuyumba. Unampima mtoto, inasema kilo 7. Unamtoa, unamrudisha papo hapo, inasema kilo 8. Mtoto hajala chochote katikati. Mizani hiyo haitegemeki. Hata hojaji inaweza kuwa hivyo. Ukiulizwa leo na kuulizwa tena baada ya siku chache, na maisha yako hayajabadilika, majibu yanapaswa kukaribiana. Na muuguzi wa asubuhi akikuuliza, kisha yule wa mchana akakuuliza, nambari zao zisiwe mbali. Sifa hii tutaiita kutegemeka.

Njia ya pili ni ya hila zaidi. Mizani haiyumbi hata kidogo. Kila mara inasema kilo 7 na nusu, lakini mtoto ni wa kilo 7 kamili. Inasema jambo lile lile kila siku, na kila siku inasema uongo. Hojaji nayo inaweza kutoa majibu yasiyobadilika, na bado ikawa inapima kitu kingine kabisa. Unadhani inapima huzuni, kumbe inapima uchovu, au njaa, au aibu. Kipimo kinachopima kile hasa kinachodai kupima, tutasema ni kipimo cha kweli.

Kwa hiyo kumbuka sifa hizi mbili: kutegemeka na ukweli. Hojaji ikikosa moja, haifai. Wataalamu hutumia miezi na hata miaka kuhakikisha kwamba zote mbili zipo.

Tuchukue mfano wa usingizi

Mwaka 1987, huko Uskoti, wataalamu watatu, John Cox, Jenifer Holden na Ruth Sagovsky, walichapisha hojaji ya kuwatafuta akina mama wenye sonona baada ya kujifungua. Inaitwa kwa jina la mji wa Edinburgh. Ina maswali 10, yote yakihusu siku 7 zilizopita. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, kwa hiyo jumla kubwa kabisa ni 30. Leo hojaji hiyo imetafsiriwa katika lugha nyingi duniani, na imefika hata kwetu Kenya.

Kwa nini walitunga mpya wakati hojaji za huzuni zilikuwepo tayari? Sababu ni ile mizani ya uongo. Hojaji nyingi za zamani ziliuliza: Je, unalala vizuri? Je, umechoka? Je, unakula kama kawaida? Kwa mtu mwingine maswali hayo ni mazuri. Lakini mwulize mama mwenye mtoto wa wiki tatu kama analala vizuri! Atakuambia hajalala tangu siku aliyojifungua. Ukimpa alama za ugonjwa kwa sababu hiyo, utawaita akina mama wote wagonjwa. Kumbe kinachomkosesha usingizi ni kilio cha mtoto.

Wale wataalamu waliliona jambo hilo, wakaacha dalili za mwili ambazo kila mzazi anazo. Kuhusu usingizi, walitaka kujua jambo moja tu: je, unakosa usingizi kwa sababu ya huzuni? Mtoto amelala, nyumba imetulia, taa imezimwa, na bado wewe macho yako wazi kwa uchungu? Hilo ni swali jingine kabisa. Umeona jinsi kugeuza swali kidogo kunavyogeuza ukweli wa kipimo?

Swali likivuka bahari

Sasa tuseme hojaji hiyo ya Uskoti imeletwa hapa. Je, tukiitafsiri kwa Kiswahili, kwa Kigiriama, kwa Dholuo au kwa Kikamba, kazi imekwisha? La. Hapo ndipo kazi inapoanza.

Swali mojawapo la Kiingereza hutumia msemo ambao maana yake ni mambo kumlemea mtu. Lakini ukitafsiri neno kwa neno, utamwuliza mama kama mambo yamempanda juu. Atakutazama tu, na akiona haya kusema hajaelewa, atajibu "hapana" ili mwendelee. Hapo umeandika alama ya jibu ambalo si jibu.

Hata maneno yetu wenyewe yana mitego. Chukua neno kujiumiza. Muuguzi anauliza kama umejiumiza wiki hii, naye anataka kujua kama umefikiria kujitoa uhai. Mama aliyekatwa na kisu akikata sukuma wiki anajibu kwa haraka, "Ndiyo, jana, kidole hiki." Mwingine anaulizwa, "Una mawazo?" Kwa mtu mmoja hilo ni swali kuhusu kufikiri, na kwa mwingine mawazo ni yale matatizo yanayomzuia kula. Neno ni moja, lakini maana ni mbili. Mizani imeshaanza kuyumba.

Ndiyo sababu hojaji haipaswi kutafsiriwa na mtu mmoja aliyejifungia ofisini. Njia inayokubalika ni hii. Mtu wa kwanza hutafsiri kutoka Kiingereza. Mtu wa pili, ambaye hajaona maswali ya Kiingereza, huirudisha tafsiri hiyo katika Kiingereza. Kisha maswali ya mwanzo na yale yaliyorudi hulinganishwa. Swali likirudi na maana nyingine, hutafutiwa maneno mapya. Baada ya hapo akina mama wachache huketi na wataalamu na kuulizwa swali moja moja: "Kwa maneno yako, swali hili linakuuliza nini?" Katika hatua hii mwalimu ni mama wa kijijini, naye mtaalamu ndiye mwanafunzi.

Kuanza na maneno ya watu wenyewe

Kuna njia nyingine, nayo ni kuanzia nyumbani badala ya kuanzia ng'ambo. Majirani zetu wa Zimbabwe walifanya hivyo. Jijini Harare katika miaka ya 1990, daktari Vikram Patel na wenzake hawakuanza na orodha ya Ulaya. Waliuliza wagonjwa, wahudumu wa afya na hata waganga wa jadi: mtu akisumbuka moyoni, ninyi husema ana nini? Neno moja la Kishona lilitajwa tena na tena: kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Kutokana na maneno kama hayo walitunga hojaji ya Kishona yenye maswali 14 ya ndiyo au hapana, iliyochapishwa mwaka 1997.

Hojaji hiyo haikubaki kwenye makaratasi. Mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alianza kuwafundisha nyanya 14 katika mtaa wa Mbare, Harare, ili wakae na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati na kuwasaidia kutatua shida zao. Je, walijuaje kama benchi linasaidia kweli? Walitumia mizani ile ile ya maswali 14. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, ambao ulihusisha watu 573, waliohudumiwa kwenye benchi walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi 6 kuliko wale waliopata huduma ya kawaida. Bila kipimo kinachoaminika, kazi ya nyanya hao ingebaki kuwa maneno tu, na hakuna serikali ambayo ingeigharimia.

Kujaribu mizani hapa kwetu Kenya

Wewe huenda unauliza: na hapa Kenya? Hapa pia kazi hii imefanywa. Tutataja mifano miwili.

Wa kwanza unatoka magharibi mwa nchi. Kuna hojaji nyingine ya sonona, yenye maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, iliyotungwa Marekani na kuchapishwa mwaka 2001. Watafiti waliijaribu kwa watu wazima 347 walioishi na virusi vya ukimwi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Walifanya mambo mawili. Kwanza, waliwauliza watu tena maswali yale yale ili kuona kama majibu yanakaribiana. Hapo walikuwa wakipima kutegemeka. Pili, waliangalia kama alama za juu zinakwenda pamoja na mambo mengine yanayotarajiwa. Waliona kwamba watu waliosema afya yao ni mbaya ndio waliokuwa na alama za juu zaidi za huzuni. Hapo walikuwa wakitafuta ukweli wa kipimo.

Mfano wa pili unatoka Kilifi, na unahusu watoto. Kuna orodha ya maswali 10 ambayo mzazi huulizwa kuhusu mtoto wake: kama anasikia, anaona, anaelewa anapoambiwa jambo, huanguka kifafa, na kadhalika. Ili kujua kama maswali hayo yanafaa, watafiti waliwauliza wazazi wa watoto zaidi ya 10,000 wenye umri wa miaka 6 hadi 9. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Watoto ambao majibu ya wazazi yalionyesha tatizo walichunguzwa kwa kina. Lakini sikiliza hili kwa makini: walichunguza pia kundi la watoto ambao majibu yalionyesha hawana tatizo lolote. Kwa nini? Kwa sababu mizani inaweza kukosea kwa kumpitisha mgonjwa. Usipomwangalia yule aliyepita, hutajua kamwe ni wangapi waliokuponyoka.

Huko huko Kilifi, watafiti wakiwemo Amina Abubakar na Penny Holding walitengeneza kipimo cha ukuaji wa watoto wa miezi 6 hadi 35. Kinatazama jinsi mtoto anavyotumia mikono na macho, na jinsi anavyotembea na kusawazisha mwili. Tathmini yake ilichapishwa mwaka 2008. Umuhimu wake ni huu: mtoto akipewa kitu ambacho hajawahi kukiona, akashindwa kukichezea, hujui kama akili imechelewa au ni ugeni tu. Ni lazima mtoto apimwe kwa mambo anayokutana nayo.

Je, alama za juu maana yake nina ugonjwa wa akili?

Hili ndilo swali linalowatisha akina mama wengi, kwa hiyo tulieleze polepole.

Unaujua ule ukanda wa rangi unaofungwa kwenye mkono wa mtoto kupima utapiamlo? Mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59 ukiwa chini ya sentimita 11.5, unaangukia kwenye nyekundu. Mtu fulani aliamua mstari huo uwekwe hapo baada ya kuchunguza watoto wengi. Hojaji nayo ina mstari wake. Ukiuweka chini sana, utawaita wagonjwa watu ambao hawaumwi. Ukiuweka juu sana, utawaacha wanaoumwa. Na mstari uliofaa Edinburgh si lazima ufae Kilifi. Ni lazima uchunguzwe mahali unapotumika.

Tufanye hesabu ndogo. Pale Uskoti, mwaka 1987, hojaji ile ilijaribiwa kwa akina mama 84. Iliwatambua asilimia 86 ya waliokuwa na sonona, na iliwapitisha kwa usahihi asilimia 78 ya wasiokuwa nayo. Sasa tuseme katika kituo chako cha afya kuna akina mama 100, na 20 kati yao wanaumwa, na hojaji inafanya kazi vivyo hivyo. Kati ya wale 20, itawashika 17 na kuwakosa 3. Kati ya wale 80 wazima, itawapitisha karibu 62, na 18 watapata alama za juu ingawa hawana sonona. Kwa hiyo akina mama 35 wataambiwa alama zao ziko juu, na kati yao 17 tu ndio wenye ugonjwa.

Hesabu hiyo inatufundisha mambo mawili. La kwanza: ukiambiwa alama zako ziko juu, usikimbie na usikate tamaa. Maana yake ni, "Mama, njoo tuzungumze zaidi." Mtu aliyefunzwa atakaa nawe, akuulize kwa kina, ndipo ijulikane kama una sonona au ni uchovu na shida za wiki hiyo. La pili: ikiwa alama zako ziko chini lakini wewe mwenyewe unajua moyo wako si sawa, usinyamaze kwa sababu karatasi imesema uko sawa. Huenda uko miongoni mwa wale 3. Rudi useme.

Swali la mwisho

Katika hojaji hizi mbili za sonona, swali la mwisho linahusu mawazo ya kujidhuru au ya kutaka kufa. Swali hili halingojei jumla. Hata kama majibu mengine yote yana sufuri, mama akisema "ndiyo" hapa, anapaswa kusikilizwa siku hiyo hiyo, kabla hajaondoka.

Tunajua kwamba wengi hujibu "hapana" kwa hofu. Wengine huogopa kwamba watoto watachukuliwa. Wengine huogopa polisi, kwa kuwa kwa miaka mingi sheria yetu ilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Ni vizuri ujue kwamba tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho, cha 226, kinakwenda kinyume cha Katiba. Na hata kabla ya hapo, kuwa na mawazo ya kufa hakukuwa kosa. Ni dalili ya ugonjwa, kama vile homa ilivyo dalili ya malaria. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Ikiwa mawazo hayo yanakujia sasa, usibaki peke yako. Mwambie mtu unayemwamini akae nawe, nendeni kituo cha afya kilicho karibu, au piga simu bila malipo kwa Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, nambari 1199.

Kazi yako katika mizani hii

Mizani ya mtoto haihitaji msaada wa mtoto. Akilia au akicheka, uzito ni ule ule. Lakini mizani ya moyo haiwezi kufanya kazi bila wewe. Hata hojaji iliyojaribiwa kwa miaka 10 itasema uongo ikiwa imejibiwa mbele ya mama mkwe anayesikiliza, au kwa haraka kwa sababu foleni ni ndefu, au kwa lugha ambayo huielewi vizuri.

Kwa hiyo una haki ya kuomba mambo yafuatayo:

1. Faragha. Sema, "Dada, tunaweza kuongea pembeni?" Ikiwa mmekuja na mtu mwingine, mwambie akushikie mtoto nje kidogo.

2. Lugha yako. Ikiwa Kiswahili si lugha unayolia nayo, uliza kama kuna anayejua lugha yenu. Usimtumie mtoto wako kuwa mkalimani wa maswali kama haya.

3. Kuelezwa. Swali usilolielewa, usilijibu. Omba lirudiwe. Kuuliza si ujinga.

4. Kujua siku zinazoulizwa. Je, ni siku 7 au wiki 2? Ukijibu kuhusu mwaka mzima, alama zitakuwa za uongo. Ikiwa ni vigumu kukumbuka, hesabu kwa vidole: Jumatatu nilikuwaje, Jumanne nilikuwaje.

5. Kuelezwa matokeo. Uliza, "Alama zangu zinasema nini, na hatua inayofuata ni ipi?"

Na kwako wewe mhudumu wa afya unayetusikiliza, tunakuomba usome maswali kama yalivyoandikwa. Ukiongeza neno lako, kwa mfano, "Hujawahi kuwaza mambo mabaya kama hayo, au sivyo?" umeshamjibia mama. Ni kama kuegemea mizani wakati mtoto anapimwa.

Kwa nini jambo hili ni kubwa kuliko mama mmoja

Nambari yako ikijumlishwa na za wengine, huwa picha ya kaunti nzima. Kwa picha hiyo viongozi huamua kama waajiri washauri, kama wanunue dawa, kama wafunze wauguzi. Ikiwa akina mama wamejibu "hapana, niko sawa" kwa haya, au maswali yalitafsiriwa vibaya, picha itaonyesha kaunti isiyo na wagonjwa. Na kaunti isiyo na wagonjwa hailetewi mshauri. Kwa njia hiyo jibu lako la kweli linamsaidia pia mama mwingine ambaye hamtakutana kamwe.

Mambo ya kukumbuka

- Sonona ni ugonjwa, na inatibika. Haionekani kwenye damu, hivyo hutafutwa kwa maswali.
- Maswali mazuri yana sifa mbili: yanategemeka, na yanapima kile kinachokusudiwa.
- Hojaji iliyotoka ng'ambo inapaswa kutafsiriwa kwa uangalifu na kujaribiwa hapa kabla ya kutegemewa.
- Alama za juu ni mwaliko wa mazungumzo zaidi. Alama za chini hazikuzuii kuomba msaada.
- Swali kuhusu kutaka kufa lina uzito wake peke yake. Lijibu kwa kweli.

Maswali ya kujadili katika kikundi au chama

1. Katika lugha ya nyumbani kwenu, mama aliyejifungua akiwa na huzuni isiyokwisha, watu husema ana nini?
2. Ni maswali gani ya kliniki ambayo mnaona haya kuyajibu? Ni nini kingewarahisishia?
3. Jirani yenu akipata alama za juu, mtamsaidiaje ili arudi kliniki siku aliyoambiwa?

Mama msikilizaji, muda wetu umekwisha. Utakapokuwa kwenye benchi la kliniki, na muuguzi akakuambia, "Kaa kidogo, nina maswali," kaa. Vuta pumzi, mweke mtoto vizuri mapajani, na useme yaliyopo. Hadi tutakapokutana tena katika mazungumzo yajayo, kwaheri, na malezi mema.